Fundi anataka kutoa ABS kwenye gari langu la zamani: nikubali?

SWALI: Nina sedani ya mwaka 1995 inayovutwa na magurudumu ya mbele. Ninapokaribia kusimama, gari likiwa linatambaa tu, kanyagio la breki linatetemeka na kukwaruza chini ya mguu hata barabara ikiwa kavu. Mara nyingine taa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu kujifunga unapofunga breki) inawaka baada ya hapo. Nikizima gari na kuwasha tena, inapotea. Fundi ananishauri tutoe pampu ya ABS na kuunganisha paipu moja kwa moja ili nibaki na breki za kawaida. Je, ni salama? Na kazi yenyewe inafanywaje?

JIBU: Kwa dalili hizo, usiitoe bado. Taa ya ABS ikiwaka, kontroboksi, yaani kompyuta ya ABS, inakuwa imeshajiondoa kazini na unabaki na breki za kawaida. Mtetemo unaousikia unatangulia taa, kwa hiyo pampu na vali zake zinafanya kazi, tena zinafanya kazi pasipohitajika. Anayedanganya ni sensa inayosoma mzunguko wa gurudumu mojawapo. Kontroboksi inaona magurudumu matatu yanazunguka na la nne limesimama, inadhani limejifunga, basi inaachia presha yake. Hali hii hutokea kwenye mwendo wa kama kilomita 5 hadi 15 kwa saa kwa sababu sensa za magari mengi ya umri huo hujizalishia umeme zenyewe: gurudumu likizunguka polepole, umeme unafifia. Sensa yenye kasoro inanyamaza mapema kuliko wenzake.

Chunguza hivi. Kwanza chomoa fyuzi ya ABS, tembeza gari taratibu mahali patupu, ufunge breki. Mtetemo ukiisha, umethibitisha kwamba tatizo ni la ABS, si diski zilizopinda. Kisha inua gari, chomoa soketi ya kila sensa na upime kwa mita: sensa nyingi za aina hii husoma kati ya omu 800 na 2,000, na za ekseli moja zinatakiwa zikaribiane. Ukipata 1,100 upande mmoja na upande wa pili mita haisomi kitu, waya umekatika, mara nyingi pale unapopinda karibu na shoki-apu. Halafu weka mita kwenye volti za AC na uzungushe gurudumu kwa mkono, mzunguko mmoja hivi kwa sekunde. Unatafuta angalau sehemu ya kumi ya volti, ikipanda kadiri unavyozungusha haraka. (Sensa za kisasa zenye umeme wa kulishwa hazipimwi omu, na mita inaweza kuziharibu, hakikisha unajua yako ni ya aina gani.)

Baada ya hapo angalia pete ya meno, ile inayozunguka mbele ya sensa. Pete zilizobanwa juu ya driveshafti (shafti inayozungusha gurudumu) hupata kutu kwa ndani. Kutu inavimba, inaisukuma pete nje hadi inapasuka. Ufa wenyewe huwa mwembamba kama unywele na uko kwenye bonde kati ya meno mawili, kwa hiyo piga brashi ya waya kwanza, kisha zungusha ukiwa na tochi. Pete pia inaweza kuwa nzima lakini imejaa vumbi la chuma lililonata kwenye ncha ya sensa yenye sumaku. Beringi iliyolegea nayo inabadilisha pengo kati ya sensa na pete, pengo ambalo kwa kawaida halifiki hata milimita moja na nusu. Pete mpya au sensa moja ni kazi ya saa chache. Kutoa ABS ni kazi ya siku mbili ikifanywa vizuri, na hapo kwenye "ikifanywa vizuri" ndipo magari mengi yanapoharibiwa.

Sasa tuseme umechunguza na kweli pampu imekufa: kanyagio linazama polepole huku masta silinda (silinda inayosukumwa na kanyagio kupeleka mafuta ya breki kwenye paipu) ikiwa nzima, au kifuniko cha pampu kinavuja, na hakuna mtu wa kuitengeneza wala nyingine iliyo nzima. Kutoa ABS kunawezekana. Ila kuna magari ambayo hayaguswi. Gari lenye mfumo wa kuzuia kuserereka wakati wa kona au wa kuzuia tairi kuzunguka bure linategemea pampu hiyohiyo, liache. Magari kadhaa ya miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 yana mfumo ambao masta silinda, busta (kifaa kinachouongezea mguu nguvu) na ABS ni kitu kimoja, chenye pampu ya umeme na tungi la kuhifadhi presha inayofika bar 180 hivi. Hapo ukiondoa ABS umeondoa na busta. Hata kulegeza nati tu kwenye mfumo huo ni hatari: kwanza gari lizimwe na kanyagio likanyagwe mara 25 au zaidi hadi liwe gumu kabisa. Na kundi la tatu ni magari ambayo kontroboksi ya ABS ndiyo inayogawa presha kati ya mbele na nyuma. Hili linahitaji maelezo, kwa sababu ndilo kiini cha jibu langu.

Gari linapofunga breki, uzito unahamia mbele na magurudumu ya nyuma yanabaki mepesi. Yakipewa presha sawa na ya mbele, yatajifunga kwanza. Magurudumu ya mbele yakijifunga, gari linakataa kukata kona lakini linaendelea mbele lilikokuwa linaelekea; ukiachia breki kidogo, usukani unarudi. Ya nyuma yakijifunga kwanza, matako ya gari yanataka kutangulia, na dereva wa kawaida hana muda wa kulirudisha. Ndiyo maana gari lisilo na ABS huwa na vali ya kupunguza presha ya nyuma. Kwenye baadhi ya magari yenye ABS vali hiyo ipo, imefungwa kwenye masta silinda au karibu na ekseli ya nyuma. Kwenye mengine haipo kabisa, kwa kuwa kontroboksi inafanya kazi yake. Fundi anayekata pampu na kuunganisha paipu kwenye gari la aina hii ya pili anakukabidhi gari linalosimama vizuri kila siku, hadi siku ya mvua utakapokanyaga kwa nguvu.

Vali hizi zina namba mbili muhimu: presha inapoanza kupunguza, na kiwango cha kupunguza. Chukua mfano wa vali ya bar 30 na 0.37. Hadi bar 30, mbele na nyuma zinapata sawasawa. Kuanzia hapo, kila bar 10 zinazoongezeka mbele, nyuma inaongezewa 3.7 tu. Ukikanyaga hadi mbele ifike bar 80, nyuma ina bar 48 na nusu. Bila vali, nyuma ingekuwa na 80 kamili. Hiyo tofauti ndiyo inayoamua kama gari litasimama limenyooka.

Vali utaipata wapi? Jibu langu ni moja: kwenye gari la modeli yako hiyohiyo, mwaka huohuo au wa jirani, lililotoka kiwandani bila ABS. Kama modeli yako haikuwahi kutengenezwa bila ABS, ningekushauri uachane na mpango huu. Kutoka kwenye gari hilo la pili unachukua vali, masta silinda, vishikizo vya paipu, na paipu zenyewe kama hazina kutu. Usichukue vali peke yake bila kulinganisha breki za nyuma. Mara nyingi toleo lenye ABS lilipewa diski nyuma na lile la kawaida drami. Vali iliyopangiwa drami haiendani na kalipa za diski. Soma pia kipenyo kilichoandikwa ubavuni mwa masta silinda. Ya milimita 23.8 badala ya 22.2 inataka nguvu ya mguu iliyozidi kwa asilimia 15 hivi, ingawa kanyagio litakuwa na safari fupi zaidi.

Najua utaambiwa ununue vali ya kurekebisha kwa mkono, ile yenye kifundo cha kuzungusha. Ni kifaa kizuri kwenye gari la mashindano lenye paipu moja inayolisha nyuma yote. Gari lako linavutwa na magurudumu ya mbele, na mengi ya hayo yamegawanywa kwa mshazari: tundu moja la masta linalisha gurudumu la mbele kushoto na la nyuma kulia, tundu la pili linalisha mbele kulia na nyuma kushoto. Lengo ni kwamba sehemu moja ikikata, bado una gurudumu moja la mbele linalosimamisha gari. Ili vali ile moja itumike, fundi analazimika kuunganisha nyuma zote mbili pamoja, na hapo ameshaua mgawanyo huo: uvujaji mmoja nyuma unaweza kumaliza breki zote, au ubaki na za nyuma tu ambazo kwenye gari jepesi nyuma si breki za kutegemea. Kuweka vali mbili za mkono, moja kila upande, ni kubaya zaidi, maana hazitalingana kamwe na gari litavuta upande. Unachotaka ni vali ya kiwandani yenye matundu mawili ya kuingilia na manne ya kutokea, au mbili ndogo zinazofungwa kwenye masta yenyewe.

Kabla ya kushika spana, piga picha na uweke alama kila paipu inayoingia kwenye pampu. Pampu nyingi zimeandikwa: herufi za Kiingereza FL, FR, RL na RR, au za Kijerumani VL, VR, HL na HR, ambapo V ni mbele, H ni nyuma, L ni kushoto na R ni kulia. Andika pia paipu ipi ya masta inaingia wapi. Kisha toa nguzo hasi ya betri, nyonya mafuta kwenye kopo la breki kwa sindano kubwa, na uzungushie matambara, kwa sababu mafuta ya breki yanakula rangi. Yakidondoka, mwagia maji mengi mara moja. Ukifuta kwa kitambaa unayasambaza.

Nati za paipu fungua kwa spana ya paipu, ile ya ringi yenye mdomo mdogo wa kupitishia paipu. Spana ya kawaida inamomonyoa kona, na nati ya mm 10 iliyokaa miaka thelathini ni laini. Ukiona paipu inajipinda pamoja na nati, acha. Puliza mafuta ya kulegeza kutu, subiri, rudisha nati nyuma na mbele kidogo kidogo. Ikiendelea kujipinda, kata paipu hiyo uibadilishe yote.

Paipu mpya iwe ya nje milimita 4.75, ya chuma kilichopakwa au ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, ambao haushiki kutu na unapindika kirahisi. Usitumie viungo vya kubana vya paipu za maji wala za kiyoyozi. Ukifunga breki kwa dharura, presha hupita bar 100 na viungo hivyo vinachomoka. Sasa jihadhari na mtego mmoja unaowanasa hata mafundi wazuri. Nati ya M10x1 inatumika kwenye magari mengi ya Ulaya na ya Japani pia, lakini mdomo wa paipu, yaani ncha yake iliyotanuliwa ili izibe kiungo, si mmoja. Ya Ulaya kwa kawaida ina mdomo wa kiputo, kama kichwa cha uyoga, unaokaa kwenye tundu lililoingia ndani. Ya Japani ina mdomo uliokunjwa mara mbili kama tarumbeta, unaokaa juu ya koni iliyochomoza. Nati zinaingiliana na zinakaza. Ukichanganya, kiungo kinaweza kuonekana kimekaza na kisha kikaanza kutoa jasho au kuchomoka breki ikikanyagwa kwa nguvu. Chungulia ndani ya tundu kwa tochi kabla ya kutengeneza mdomo. Na mdomo uliokunjwa mara moja tu haufai kwenye breki, unapasuka.

Kata paipu kwa kikata paipu, si msumeno, safisha ukingo wa ndani, na ingiza nati kwanza kabla ya kutengeneza mdomo. Kila mtu huisahau mara moja. Angalia mdomo uliotoka: ukiwa umeegemea upande au una mchirizi, kata, rudia. Pitisha paipu kwa ukaribu na bodi, shikiza kila sm 20 hadi 30, mbali na ekzosi na usukani. Usiache mzunguko unaopanda juu kuliko masta. Upepo utajificha hapo na utahangaika siku nzima. Afadhali paipu moja ndefu kuliko viungio vitatu. Kaza kwa kipimo cha kitabu cha gari; kwa nati hizi kwa kawaida ni kati ya Nm 12 na 18, yaani kaza kwa kiganja, si kwa bega.

Kutoa upepo (hewa iliyobaki ndani ya paipu): andaa lita moja na nusu ya mafuta mapya, DOT 4 ambayo kopo halijafunguliwa. DOT 5 ya silikoni usiichanganye na ya zamani. Masta ikiwa mpya, itoe upepo kwanza mezani. Mpangilio unaofaa kwa mgawanyo wa mshazari kwenye magari mengi, masta ikiwa kushoto, ni nyuma kulia, mbele kushoto, nyuma kushoto, mbele kulia. Kitabu cha gari kikisema tofauti, kifuate. Kama masta ni ya zamani, weka kipande cha mbao chini ya kanyagio ili lisifike sakafuni. Mpira wa ndani umezoea eneo moja. Ukiusukuma hadi kwenye kutu ya mbele ya silinda unachanika, na masta iliyoingia nzima gereji inatoka imekufa.

Ukimaliza, fanya kipimo ambacho ni wachache wanakifanya. Gari likiwa juu ya stendi nne, kanyaga na umwombe mwenzako afungue nipeli ya upepo (skrubu ndogo ya kutolea upepo) ya mbele kushoto. Kanyagio litashuka, lakini lisimame kabla ya sakafu, na magurudumu ya mbele kulia na nyuma kushoto yawe bado yameshikwa. Kama yameachia, paipu zimevukana au kuna upepo. Rudia upande wa pili, kisha funga na utoe upepo tena. Halafu, injini ikiwa imezimwa, kanyaga mara kadhaa, shikilia dakika nzima. Likizama, kuna uvujaji. Washa injini mguu ukiwa palepale: linatakiwa kushuka kidogo tu, dalili kwamba busta iko hai.

Umeme usiuache ukining'inia. Pampu inalishwa na waya mnene wenye fyuzi ya ampea 30 au zaidi. Toa fyuzi na uzibe soketi. Sensa ziache kwenye habu, zinaziba tundu dhidi ya matope. Angalia kama spidomita inapata mwendo kutoka ABS, na kama taa ya kiwango cha mafuta ya breki ilipita kwenye kontroboksi. Hiyo ya pili lazima ifanye kazi. Taa ya ABS usiiunganishe na taa ya oili ili ionekane inawaka na kuzima. Njia sahihi ni dashibodi ya gari lisilo na ABS, pamoja na kumbukumbu ya kilomita za gari lako.

Jaribio la barabarani lifanyike mahali patupu, tambarare na palipolowa, tairi nne zikiwa na hali sawa na dereva akiwa peke yake, kwa kuwa hapo ndipo nyuma ni nyepesi kuliko wakati wote. Mtu mmoja asimame pembeni mbali, atazame magurudumu. Anza kilomita 30 kwa saa, klachi imekanyagwa (ya otomatiki iwe nyutro), kanyaga breki hadi yajifunge. Ya mbele lazima yajifunge kwanza. Yakitangulia, panda hadi 50, kisha 60. Ya nyuma yakitangulia hata mara moja, gari lisitoke hapo kwa kuendeshwa. Vali si sahihi, au breki za nyuma hazilingani nayo.

Kabla ya yote haya, uliza kwa maandishi kampuni yako ya bima na wakaguzi wa magari wa nchi yako. Kuna mahali ambapo gari lililotoka kiwandani na ABS halipiti ukaguzi likikutwa halina, na bima inaweza kukataa kulipa kwa badiliko ambalo haikuambiwa. Pampu ya zamani zibe matundu yake na uihifadhi. Atakayenunua gari lako ana haki ya kujua na huenda akataka kuirudisha. Baada ya kilomita mia chache pita kwenye kila nati mpya na karatasi nyeupe kavu. Karatasi ikipata doa lolote lenye unyevu, kiungo hicho kifunguliwe na mdomo wake utazamwe upya, kisikazwe zaidi.